Mbuzi Chini ya Dawa ya Usingizi: Nasaha kwa Mwenye Kufuga

Kila afugaye mbuzi, awe ni mwenye kundi kubwa huko Longido au Garissa, au awe ni bibi mwenye majike wawili wa maziwa nyuma ya nyumba yake mjini Tanga, hufikiwa na siku ambayo mnyama wake hana budi kupasuliwa: ama jike ameshindwa kuzaa tangu alfajiri, ama beberu amevunjwa mguu na pikipiki, ama pana jipu lililochimba chini ya taya hata mnyama hawezi tena kutafuna. Siku hiyo daktari wa mifugo hufungua mkoba wake, akatoa kichupa na bomba la sindano, na mwenye mbuzi, ambaye mpaka saa ile alikuwa ndiye bwana wa mnyama wake, hugeuka kuwa mtazamaji, akisimama pembeni na kushika kamba tu. Muradi wa makala haya ni kumwondoa katika utazamaji huo. Maana miongoni mwa mambo yanayoweza kumuua mbuzi siku ya kupasuliwa, mawili makubwa, yaani uzito uliokisiwa na tumbo lililojaa, yamo mikononi mwa mwenyewe kabla hayajafika mikononi mwa daktari.

Yafaa kwanza kufahamu kwamba dawa ziitwazo kwa jumla nusukaputi si za namna moja. Ziko za kutuliza, ambazo humfanya mnyama ainamishe kichwa akawa mpole na mnyonge, ilhali kisu bado angekisikia. Ziko za usingizi wenyewe, ambazo humwondolea fahamu. Na iko ganzi, ambayo hufisha mahali pamoja tu na kumwacha mnyama akiwa macho. Daktari mwenye ujuzi aghalabu huchanganya mbili au tatu, akitia kidogo cha kila moja, kwa sababu kidogo cha dawa mbili zinazosaidiana humwelemea mnyama chini ya kingi cha dawa moja. Kwa hiyo usishangae wala usinung'unike uonapo sindano zaidi ya moja zikiandaliwa kwa mbuzi mmoja. Hilo aghalabu ni dalili ya uangalifu, wala si dalili ya tamaa ya kuongeza hesabu ya malipo.

Dawa iliyoenea kupita zote katika mikoba ya madaktari wa mifugo ni zailazini. Ilibuniwa Ujerumani mwaka 1962, katika kampuni ya Bayer, ikikusudiwa kushusha shinikizo la damu la binadamu. Lakini ilipoonekana kwamba huwalaza watu kupita kiasi ikaachwa kwa watu na kuhamishiwa kwa wanyama, na huko ikapata jina. Ni dawa nyepesi kubeba, huchomwa mnofuni bila taabu ya kutafuta mshipa, na baada ya dakika chache, baina ya tano na kumi na tano, mnyama hulegea masikio, hutoa mate, hupepesuka, kisha hujilaza mwenyewe. Kwa sababu ya usahali huo wengi huidhania kuwa dawa salama, nayo kwa mbuzi si salama hata kidogo ikiwa mkono ushikao bomba haujui kwamba wacheuaji, na mbuzi hasa, huathirika nayo kwa kiasi kidogo mno. Farasi achomwaye mshipani hupewa takribani miligramu 1.1 kwa kila kilo ya mwili wake, na husimama kwa miguu yake minne akisinzia. Mbuzi achomwaye mnofuni humtosha miligramu 0.05 kwa kilo, na ukimpa kipimo kile cha farasi usitaraji kumwona akiinuka.

Natuhesabu pamoja, maana hapa ndipo penye shari. Mbuzi wa kienyeji wa kilo 25 ahitaji miligramu 1.25 tu. Kichupa cha zailazini cha asilimia mbili kina miligramu 20 katika kila mililita. Basi kiasi anachostahili mbuzi yule ni mililita 0.06, yaani tone moja na ushei, ilhali bomba la kawaida la mililita tano lina mistari inayopanda kwa mililita 0.2, na mstari wake wa kwanza tu umekwisha kupita kipimo chake mara tatu. Mtu akivuta nusu mililita, ambayo machoni pake ni kitu kidogo cha kudharauliwa, amekwisha kumpa mbuzi mara nane ya haki yake. Fauka ya hayo, viko vichupa vya dawa hiyo hiyo vilivyotengenezwa kwa ajili ya farasi, vyenye miligramu 100 katika mililita, navyo kwa umbo na rangi ya dawa vyaweza kumpumbaza mtu aliye na haraka.

Njia za kuepuka balaa hilo ni mbili, na zote mbili ni rahisi. Ya kwanza ni kutumia bomba dogo la wagonjwa wa kisukari, ambalo mililita moja imegawanywa sehemu 100, na mbuzi wetu akapewa sehemu sita. Ya pili, nami naipendelea zaidi, ni kuizimua dawa: mililita moja ya dawa ya asilimia mbili kwa mililita tisa za maji safi ya sindano, hata kila mililita ikawa na miligramu mbili, na kipimo cha mbuzi kikawa mililita 0.6 na kidogo juu, kiasi ambacho jicho hukiona na kidole hukidhibiti. Mwenye mbuzi si kazi yake kuzimua dawa, wala simshauri ajaribu, lakini ana haki ya kuuliza kwa adabu, “Daktari, huyu umemkadiria kilo ngapi, na utampimiaje?” Tabibu wa kweli hafadhaishwi na swali hilo. Afadhaikaye, na aheshimiwe, alipwe nauli yake, na aitwe mwingine.

Na hiyo kilo isikisiwe. Mbuzi ni mnyama mdanganyifu kwa jicho: manyoya humnenepesha, mimba humnenepesha, na tumbo lililojaa majani humfanya beberu aliyekonda kifuani aonekane mzima, ilhali dawa hugawanyika kwa mwili uliopo na si kwa mwili unaoonekana. Mizani ile ya kuning'iniza itumiwayo kupimia magunia yatosha kabisa. Mbuzi hutiwa katika gunia lililotobolewa matundu manne ya miguu, likaning'inizwa juu ya boriti, na uzito ukasomwa kabla hajamaliza kushtuka. Palipo na mizani ya kusimama, mtu hupanda akiwa amempakata mbuzi, kisha hupanda peke yake, na tofauti ndiyo jibu. Uandike uzito huo kwenye karatasi na umkabidhi daktari mara anaposhuka.

Sasa turejee kwenye yale yatokeayo ndani ya mwili, kwa kuwa mwenye kuyajua hutazama mahali panapostahili kutazamwa. Zailazini huupunguza mwendo wa moyo, na pumzi huwa nzito. Katika mbuzi na kondoo yaweza hata kuyadhuru mapafu yenyewe, maji yakajikusanya humo na damu ikapungukiwa na hewa, jambo ambalo ng'ombe haliwapati kwa ukali huo. Tena huisimamisha kazi ya tumbo la kwanza, lile la kucheulia, ambalo katika hali ya afya hujikunja na kujikunjua bila kupumzika na kumwezesha mnyama kwenda mbweu. Likisimama, hewa hubaki ndani na tumbo hufura. Huipandisha sukari ya damu na kuzidisha mkojo, na kwa hiyo beberu aliyezibwa njia ya mkojo kwa vijiwe, maradhi yanayowapata sana mabeberu waliohasiwa wangali wadogo na kulishwa nafaka nyingi, asipewe dawa hii bila kufikiri mara mbili, kwa sababu humwagia maji kibofu kisicho na pa kutokea. Kadhalika huukaza mji wa mimba. Jike mwenye mimba pevu aweza kuitupa. Mambo haya mawili ya mwisho mwenyewe ndiye ayajuaye kuliko daktari: ni lini jike alipandwa, ni lini beberu alikojoa mara ya mwisho. Yasemwe mapema, hata kama hayakuulizwa.

Dawa ya pili kwa umaarufu ni ketamini, ambayo nayo ilitengenezwa mwaka 1962, safari hii Marekani, na hata leo ni tegemeo la hospitali nyingi za binadamu katika nchi zetu. Hali yake ni ya ajabu, na mtu asiyepata kuiona hufadhaika. Mbuzi aliyelala kwa ketamini hafumbi macho: hukodoa, mboni zimesimama, mate yanamtoka, koo lake laweza bado kumeza, na kama dawa imetiwa peke yake miguu hukakamaa hata kana kwamba anataka kukimbia akiwa amelala. Wenyeji husema, “Huyu hajalala, anawaona!” Amelala, fahamu imekatwa na kuhisi maumivu kumekatwa. Moyo wake, kinyume cha zailazini, huenda kwa kasi zaidi. Lakini ukakamavu ule humpa daktari taabu, na ndiyo sababu ketamini haichomwi peke yake bali hufungamanishwa na dawa ilegezayo misuli, ama zailazini kwa kiasi chake kidogo, ama diazepamu, ambayo kwa mbuzi mgonjwa, mzee au mwenye mimba ni mwenzi mpole kuliko zailazini, maana haiugusi moyo wala tumbo kwa ukali ule. Diazepamu hutiwa mshipani, pole pole. Ikichomwa mnofuni huuma na haifyonzwi vizuri. Ketamini na diazepamu pamoja hutoa kiasi cha dakika 15 hadi 20 za usingizi, muda unaotosha kupasua jipu na kulisafisha, au kuunyosha mguu na kuufunga gango, lakini hautoshi kumpasua jike tumbo bila msaada wa ganzi au wa dozi ya kuongezea. Ketamini huwekwa chini ya kufuli kwa kuwa wako watu waitumiao kwa ulevi. Kwa hiyo mtu akuuziaye kichupa chake sokoni, pamoja na maziwa ya unga na dawa ya minyoo, si mtu wa kununua chochote kwake.

Ziko nyingine ambazo huonekana zaidi katika hospitali za vyuo, kama ile ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, au ya Kabete, Nairobi, kuliko zizini. Thiopentoni ni ya kale na ya bei nafuu, lakini ikivuja nje ya mshipa huozesha nyama ya shingo, tena mnyama huamka si kwa sababu dawa imemtoka bali kwa sababu imehamia katika misuli na mafuta yake, na kwa hiyo mbuzi aliyekonda, asiye na pa kuihamishia, huchelewa kuamka. Propofoli, nyeupe kama ilivyo, humlaza mnyama kwa upole na kumwamsha upesi, ila ikisukumwa kwa haraka pumzi husimama.

Ganzi, ambayo watu huidharau kwa sababu hailazi, ndiyo mara nyingi iwezayo kuokoa mbuzi mahali pasipo na vifaa, maana mbuzi mpole aliyeshikwa vema, akatiwa ganzi barabara, aweza kufanyiwa mengi bila kupotezewa fahamu. Lakini nayo ina mpaka wake. Lidokeini ya asilimia mbili ina miligramu 20 kwa mililita, na kwa mbuzi haifai kupita miligramu tano hivi kwa kila kilo. Kitoto cha kilo tatu, ambacho wakati wa kuchomwa vichipukizi vya pembe kingali cha juma moja au mawili, mpaka wake ni mililita 0.75 kwa jumla. Na pembe ya mbuzi, tofauti na ya ndama, ina mishipa miwili ya fahamu, mmoja upande wa nyuma ya jicho na mmoja upande wa ndani juu yake, hata kichwa kimoja kikataka sindano nne. Atiaye mililita moja kila mahali, kwa mazoea ya ndama, amekipa kitoto kile mara tano ya mpaka wake, nacho kitaanza kutetemeka, kupepesa macho, kisha kujipiga kwa kifafa na kukata roho mikononi mwa watu, na lawama yote huenda kwa chuma cha moto. Dawa izimuliwe nusu kwa nusu kwa maji ya chumvi ya hospitali, ipatikane mililita 1.5 ya kugawa mahali pane, kisha watu wangoje dakika tano kamili kwa saa. Kungoja huku ndiko kuachwako mara nyingi kuliko yote.

Tumbo sasa. Mbuzi mkubwa atakayelazwa anyimwe malisho kwa muda wa saa 12 hadi 24, na maji kwa saa chache tu za mwisho, tena katika nchi ya joto maji yasikatwe usiku kucha. Kunyimwa malisho hakumalizi kilichomo tumboni, maana la mcheuaji haliishi, lakini hupunguza hewa na kupunguza uzito unaoyakandamiza mapafu mnyama anapolala. Kumfungia ndani bila majani si rahisi kama isemwavyo: atakula kamba, atakula gunia, atakula karatasi uliyoandikia uzito wake, basi afungwe mahali patupu, na jirani aarifiwe, wasije watoto wakamwonea huruma wakamtupia maganda ya ndizi. Vitoto vinavyonyonya havifungishwi hivyo. Vikikaa na njaa sukari ya damu hushuka na vyaweza kufa kwa hilo peke yake, kwa hiyo vinyonye karibu na saa ya kazi. Na dharura ni dharura: jike aliyekwama uzazi hangojewi tumbo litulie.

Mahali pa kumlazia patayarishwe kabla daktari hajafika, pawe na kivuli, pasafi, pamoja na maji, sabuni, na magunia mawili au matatu ya kukunja. Ikiwa kazi yenyewe hairuhusu alale kifudifudi, alazwe ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto uwe juu, kwa kuwa tumbo la kwanza liko kushoto na huko ndiko litakakotazamwa na ndiko litakakotobolewa kwa dharura. Chini ya shingo pawekwe gunia lililokunjwa, hata koo likawa juu na mdomo ukawa chini, ili mate na kile kinachorudi kutoka tumboni vitiririkie ardhini badala ya kurejea na kuingia mapafuni. Jambo hili dogo, ambalo halina gharama yoyote, nalihesabu kuwa ndilo kubwa katika kazi yote ya mwenye mbuzi. Majimaji ya tumbo yakiingia katika mapafu, mnyama aweza kuamka vizuri, akasimama, akasifiwa, kisha baada ya siku mbili au tatu akawa anahema kwa kichomi na kufa, na watu wakasema ni uchawi au ni mshono. Wako wadhanio kwamba sindano ya atropini huondoa hatari hii kwa kukausha mate. Kwa mbuzi haikaushi, huyafanya mazito tu na yasiyotoka.

Kazi ikianza, mtu mmoja apewe kazi ya kutazama, wala asipewe nyingine. Aweke mkono mbele ya pua, ahesabu pumzi kwa dakika nzima, na atarajie baina ya 15 na 30. Aweke vidole ndani ya paja, juu karibu na kinena, ausikie mshipa ukipiga, kiasi cha mara 70 hadi 90 kwa mbuzi mzima, ukipungua sana kwa zailazini na kuongezeka kwa ketamini. Atazame ufizi, uwe na rangi ya waridi, na ikiwa mbuzi ni mwenye ufizi mweusi, atazame ndani ya kope ya chini. Rangi ya samawati au kijivu ni habari ya kutolewa kwa sauti kubwa papo hapo. Kila dakika chache aupige kwa kidole ubavu wa kushoto. Ukilia kama ngoma, daktari aambiwe, naye ataacha kisu apitishe mpira kooni au amgeuze mnyama akae kifudifudi. Pumzi ikikatika, shingo inyoshwe, ulimi uvutwe nje, mdomo ufutwe, na mbavu zikandamizwe na kuachiwa kwa taratibu hali daktari akichoma dawa ya kutangua usingizi. Dawa za namna hiyo zipo kwa zailazini, kama tolazolini, yohimbini na atipamezoli, na ni halali kabisa kumwuliza daktari kabla ya sindano ya kwanza kama anayo mojawapo mkobani. Ketamini haina dawa ya kuitangua. Ndiyo sababu daktari mwenye busara haharakishi kuiondoa zailazini wakati ketamini ingali na nguvu mwilini, asije akamwacha mnyama na ule ukakamavu.

Kuamka nako kwataka subira. Mbuzi asukumwe akae kifudifudi, miguu imekunjwa chini yake, akitegemezwa kwa magunia pande zote mbili, maana kukaa hivyo ndiko kumpako nafasi ya kwenda mbweu. Dawa hizi hupoza mwili. Joto lake la kawaida ni kama nyuzi 39, na kitoto au mbuzi aliyenyolewa nywele kwa upasuaji hutetemeka hata wakati wa adhuhuri, basi afunikwe. Asirudishwe kundini angali anayumba, kwa kuwa wenzake humpiga pembe aliye dhaifu. Asipewe majani wala pumba mpaka asimame imara na kumeza sawasawa. Kwa sababu hizi zote ni vema daktari aombwe aje asubuhi na mapema, isije jua likatua mnyama hajainua kichwa.

Limebaki jambo moja ambalo watu hawalipendi. Mbuzi aliyechomwa dawa hizi akianza kuzidiwa, pana desturi ya mtu kukimbilia kisu ili amwahi kabla hajafa, nyama isipotee. Nyama hiyo imekwisha kuingia dawa, nayo hailiwi: si na wenye nyumba, si na jirani, wala haiuzwi, wala mbwa wasitupiwe. Afukiwe. Na aliyepona naye ana muda wake wa kungojwa kabla maziwa yake hayajanywewa na kabla hajachinjwa, muda utofautianao kwa dawa na kwa kipimo, na vibandiko vya vichupa vingi havikumtaja mbuzi kabisa. Kwa hiyo kabla daktari hajafunga mkoba wake mwombe aandike kwenye karatasi jina la kila dawa aliyoitia, kiasi chake, tarehe, na siku ambayo maziwa na nyama vitaruhusiwa, na karatasi hiyo itundikwe mahali ambapo akamuaye ataiona kabla hajaweka chombo chini ya kiwele.